Simu ya Agnes Iliyokwenda Nakuru

Mkinikuta kwenye sherehe huku ughaibuni, hapa Rooty Hill, mkaniuliza, "Shangazi Zuhura, kwani wewe mjini ulikuwa unafanya kazi gani?" nikiwajibu kwamba nilikuwa nalipwa kusoma barua za watu, mnacheka, mnadhani natania. Sitanii. Miaka yote ile nilipanda treni asubuhi, nikashuka katikati ya jiji, nikapanda lifti, nikakaa kwenye kiti na kusoma barua pepe na meseji za watu wanaoshtakiana. Nimesoma wapenzi wakigombana kwa kompyuta za kazini. Nimesoma mabosi wakiwasengenya mabosi wenzao. Na katika kila kesi niliyoshika, bila kukosa hata moja, nimesoma tangazo la kwamba kuna keki jikoni.

Sasa nimestaafu na ninyi ndio mnaingia. Kuna waliomaliza sheria, kuna waliosomea kompyuta, na mmeniomba niwaeleze mambo ambayo darasani hawayasemi. Haya, sogeeni. Ila sitaanzia mwanzo, maana mwanzo wenyewe ulikuwa kutoa nakala na kupeleka chai.

Kesi za madai, yaani zile za watu au kampuni kudaiana wenyewe kwa wenyewe bila polisi, zina sharti moja ambalo mtu halijui mpaka limkute. Mahakama ikiamuru, kila upande unaupa mwenzake nyaraka zote zinazohusu ugomvi. Zote maana yake zote. Zinazokusaidia unatoa, na zinazokuumiza unatoa vilevile. Zamani nyaraka zilikuwa karatasi. Siku hizi ziko kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye seva ambayo hata mwenye kampuni hajui iko nchi gani. Kazi yetu ilikuwa kuzitafuta, kuzikusanya bila kuziharibu, kuzichambua na kuzipanga kabla ya kukabidhi. Ninyi mmefundishwa jina lake refu la Kiingereza. Sisi ofisini tulisema tu tunachimba.

Aliyenifundisha kuchimba aliitwa Kerry, mama mmoja wa Penrith, mfupi, sauti ya kukwaruza, na mdomoni daima ana zile pipi nyeusi chungu ambazo mimi mpaka leo naziona ni adhabu. Kerry alianza kazi enzi za maboksi. Walikuwa wakitoa pini kwenye karatasi moja moja, wanapiga muhuri wa namba kila ukurasa, halafu wanarudisha pini palepale ilipokuwa, kwa sababu hata tundu la pini linaweza kuleta maneno mahakamani. Mimi nilimkuta maboksi yanaisha. Siku naingia, chumba chetu cha nyaraka kilijaa karatasi mpaka dirishani. Siku naondoka, wafanyakazi walikuwa wanafanyia yoga humo, na kesi nzima ilikuwa inaenea kwenye kidude cha kutia mfukoni.

Kerry alikuwa na amri moja: usiguse. Mtu akikwambia faili ziko kwenye kompyuta ile pale, usizifungue kuhakikisha kama ndizo. Kila faili lina kumbukumbu zake ndani, nani aliliandika, lini, na nani aliligusa mwisho. Ukilifungua ovyo na kulihifadhi upya, umeweka tarehe ya leo juu ya ushahidi wa juzi. Tulipata kampuni moja ya ujenzi, meneja wake mtu mwema kabisa, msafi wa roho na wa meza. Alipoambiwa tunakuja akaona aibu wageni wakute kompyuta imevurugika, basi akakaa akapanga. Akafungua kila kitu, akakipa jina zuri, akakihifadhi kwenye folda yake. Tulipofika, kwa mujibu wa kompyuta ile, jengo zima kuanzia msingi mpaka paa lilikuwa limepangwa, limejengwa na kugombaniwa Jumanne moja asubuhi. Kerry akatazama kioo, akatafuna pipi yake, akamwambia, "Bwana, umefagia nyumba pamoja na mwenye nyumba." Tarehe za kweli tulizipata kwenye nakala za akiba, lakini jasho lilitutoka.

Mbinu yangu mwenyewe nawapa bure. Usimwulize mtu nyaraka zake ziko wapi, atakuonyesha kabati. Mwulize, ukichelewa kurudi nyumbani mwenzako unamwambiaje? Hapo ataingiza mkono mfukoni atoe simu, na humo ndimo mambo yake yalimo. Mwulize bosi wake akikasirika anaandikia wapi. Watu wazima na shahada zao wanaandika mikataba kwa lugha ya kuvaa tai, halafu mambo yenyewe wanayamaliza kwa meseji wakiwa kwenye foleni ya kahawa.

Mwishoni mwishoni walituletea programu inayojifunza. Unaionyesha nyaraka zinazofaa na zisizofaa, nayo inapanga zilizobaki. Kerry aliinunia kwanza, baadaye nikamkuta anaisifu kwa sauti, "Safi, umeiona na hiyo." Keki ya jikoni iliitambua kwa haraka ajabu. Kiswahili ndicho kiliishinda. Chochote cha kwetu ilikitupa kwenye kapu la visivyoeleweka, na kapu hilo likawa langu. Kwenye ofisi nzima hapakuwa na mwingine anayelielewa. Likumbukeni kapu hilo, maana nawaletea habari ya Agnes.

Agnes ni muuguzi kutoka Kenya, wakati ule anakaa Macquarie Fields na wanawe wawili. Aliajiriwa na kampuni ya kutunza wazee majumbani, akaacha, akaanzisha ya kwake ndogo: yeye, wenzake wachache, na gari lenye mlango mmoja uliogoma kufunguka. Kampuni ya zamani ikamshtaki. Walidai aliwachukua wazee wao kabla hajaondoka, kinyume cha mkataba. Agnes alisema aliambiwa awachukue. Meneja wake, mtu anaitwa Trevor, alimtumia meseji ya sauti kwamba wale wazee wa upande wa mbali kampuni haina mtu wa kuwafikia, kwa hiyo awachukue yeye. Trevor alishahamia kazi nyingine, na alipoulizwa akasema hakumbuki kitu. Basi kila kitu kikabaki kwenye meseji ile. Ikipatikana, Agnes ana kampuni. Isipopatikana, kampuni imekufa, na nyumba aliyoiweka rehani ili kuianzisha inakwenda pamoja nayo.

Wakili wetu aliyeishika kesi aliitwa Daniel, kijana mpole, mwenye kusikiliza. Mwanzoni kabisa alimwandikia Agnes ile barua tunayompa kila mteja: usifute chochote, usitupe chochote. Siku tulipokaa naye chumba cha mikutano, Agnes akatoa simu inang'aa, mpya. Picha zimo, namba za watu zimo, meseji za zamani hamna. Dukani walimhamishia hivyo vingine tu.

"Na simu ya zamani iko wapi?" Kerry akauliza.

"Iko kwa mama."

"Vizuri. Mama anakaa wapi?"

"Nakuru."

Kerry akanigeukia. "Nakuru ni njia ya treni gani?"

Nikamwambia ni njia ya ndege. Daniel akaiweka kalamu yake mezani taratibu, akauliza simu iliondoka lini. Agnes akasema si zamani, kuna mwenzake wa kwaya alikuwa anakwenda harusini Kenya, akampa aipeleke. Yaani baada ya barua. Agnes akatutazama mmoja mmoja, haelewi tumepatwa na nini.

"Si mliniambia nisifute na nisitupe?" akasema. "Sijafuta. Sijatupa. Nimepea mama yangu."

Mimi moyo uliniuma na kicheko kilinibana kwa pamoja. Maana ninyi mnajua, na mimi najua: kwetu simu ya zamani hailali kwenye droo. Ukinunua mpya, kabla hujatoka dukani umeshajua ya zamani inakwenda kwa nani. Hapo ilibidi nimweleze Kerry, ambaye droo yake ya jikoni ilijaa simu zilizokufa tangu enzi za kubonyeza vitufe, kwamba kwa Agnes kumpa mama simu ndiyo njia ya kuitunza kuliko zote. Kerry akaelewa. Ila upande wa pili haukuwa na mpango wa kuelewa. Wakili wao, mwanamke mmoja mkali, miwani daima kichwani, akaandika barua kwamba Agnes ameusafirisha ushahidi nje ya nchi kwa makusudi, na watamwomba jaji achukulie kwamba meseji ya Trevor haikuwahi kuwepo. Agnes aliisoma barua ile mpaka mwisho. Aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, "Dada Zuhura, wanasema mimi ni mwizi?" Nikamwambia wanasema hivyo kwa sasa.

Hapo ndipo mtakapojua kazi yetu ni ya nini. Ushahidi wa kielektroniki una karatasi yake ya mikono: kila aliyeshika kifaa anaandikwa, alikipokea kwa nani, akakifanyia nini, akampa nani. Kwa kawaida karatasi hiyo ina mikono miwili au mitatu, na yote imevaa mashati ya ofisini. Ya Agnes ilikuwa na yule mwanakwaya, ikawa na shemeji wa mwanakwaya huyo, aliyekuja kumpokea uwanja wa ndege, ikawa na binamu yake Agnes pale Nairobi, fundi wa simu, ikawa na dereva wa gari la Nakuru ambaye kila mtu alimwita jina lake la utani na hakuna aliyejua la kwake la kuzaliwa. Niliwapigia wote. Kerry alikaa kando yangu akiandika, na kila nikimaliza mmoja ananiuliza, "Na huyu naye alikuwa anajuana na nani?" Alianza kuifurahia. Alisema hajawahi kuona kampuni ya kusafirisha mizigo isiyo na ofisi ikafikisha mzigo salama namna hiyo.

Aliyetutia hofu alikuwa yule fundi. Fundi akipewa simu iliyotumika, kitu cha kwanza ni kuisafisha iwe kama imetoka kiwandani. Nikamwuliza, "Uliisafisha?" Akasema, "Nilikuwa nataka, auntie, lakini cucu yao alinipigia akaniambia nikigusa hiyo simu nisikanyage kwake tena." Cucu kwao ni bibi, yaani mama yake Agnes mwenyewe; nilishusha pumzi mpaka Kerry akaruka kwenye kiti.

Basi nikampigia mama yake Agnes. Mama Agnes amekaa Nakuru mjini maisha yake, Kiswahili ndicho alicholelea watoto wake. Tukaanza kusalimiana. Nikamwuliza afya, akaniuliza afya, nikauliza mvua, akauliza Tanga kwetu ni mbali na Mombasa kiasi gani. Daniel yuko mbele yangu anaangalia saa, ananiuliza kwa midomo kama ameshakubali. Nikamwonyesha kwa kiganja kwamba atulie. Mambo ya watu wazima hayaanzii kwenye simu. Mjifunze hilo hata kama ofisi yako inahesabu kila dakika.

Tulipofika kwenye simu yenyewe, sauti ya mama ikabadilika. "Hiyo simu mimi siwezi peana. Iko na sauti za watoto." Wajukuu zake, wale wawili wa Macquarie Fields, walipokuwa wadogo Agnes alikuwa akiwarekodi wakimwimbia bibi, wakimwombea, wakimwambia wamekula nini. Zote zilikuwa mle. Ndiyo sababu alimfokea fundi, na ndiyo sababu hata laini yake aliiacha kwanza kwenye kisimu chake mwenyewe cha zamani, asije akabonyeza kitu zikapotea.

"Mama," nikamwambia, "bila simu hiyo Agnes atanyang'anywa nyumba."

Nikasikia anavuta kiti, akakaa. Halafu akaniuliza, "Na mkimaliza, mtanirudishia?"

"Nitakurudishia."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mkononi mwako."

Daniel akamwajiri mtaalamu wa Nairobi, mtu huru asiyejuana na upande wowote, aende Nakuru kuichukua, aitie kwenye mfuko wenye lakiri na kuituma kwetu. Mtaalamu alikuwa makini kupita kiasi, kila alichofanya alikiandika na saa yake. Kwa hiyo kwenye nyaraka rasmi za kesi ile, ambazo upande wa pili walizisoma mstari kwa mstari, imeandikwa kwamba alifika, akaelezwa na mwenye nyumba kuwa kifaa hakitatolewa kwa mtu mwenye njaa, akapewa wali na kuku, akamaliza, ndipo akakabidhiwa kifaa. Kerry aliichapisha sehemu hiyo akaibandika juu ya meza yake.

Simu ikafika. Tukatoa nakala ya kila kilichomo bila kuigusa yenyewe, na meseji ya Trevor ilikuwa humo, sauti safi, tarehe yake imekaa mahali pake: wale wa kule mbali wachukue wewe, sisi hatuna mtu. Daniel alitaka kunikumbatia akakumbuka yuko kazini. Agnes alipopigiwa alilia kwenye simu. Kama ni sinema ingeishia hapo.

Lakini kazi haikuisha, kwa sababu kapu langu la Kiswahili lilikuwa limejaa. Nikavaa hedifoni, nikaanza kusikiliza. Sheng ya Agnes na dada yake ilinitoa jasho, kuna maneno nilimpigia mwanangu aniulizie kwa wenzake Wakenya wa chuoni. Na humo katikati, baina ya habari za mchango wa harusi na ugonjwa wa ng'ombe, nikamsikia Agnes anamwambia dada yake kwamba ameshaongea na familia ya mzee mmoja, amewaahidi atamhudumia yeye, wasiwaambie kampuni. Nikaangalia tarehe. Ilikuwa kabla ya Trevor kusema lolote.

Niliisikiliza tena na tena, nikitamani nimekosea. Sikukosea. Mzee ni mmoja tu, wengine wote walikuja baada ya ruhusa, lakini mmoja huyo ndiye aliyekuwa anatafutwa na kampuni ile.

Nikaiandika kwenye orodha ya kumwuliza mteja, Daniel akamwita Agnes tupitie pamoja. Tukakaa chumba kilekile. Kabla Daniel hajafungua mdomo, Agnes akaiona tarehe kwenye karatasi yangu, akaelewa ni meseji gani. Akanitazama. Akasema kwa Kiswahili, anatabasamu kwa ajili ya Daniel na Kerry, sauti ya kuombea chumvi mezani, "Dada, hiyo ya sister yangu si uiache tu. Hapa ni wewe peke yako unasikia."

Wanangu, niwaambie ukweli, ilinichoma. Huyu dada nilimjua nje ya ofisi. Tulikula naye Idi kwangu na Krismasi kwake. Wanawe walilala kitandani mwangu. Na alikuwa amesema kweli: Daniel hakuelewa, Kerry hakuelewa, mashine haikuelewa. Ningesema ni habari za ng'ombe, ingebaki habari za ng'ombe mpaka Kiyama. Nilifikiria nyumba yake. Nilifikiria na wale mawakili wote ambao wangepata kapu la Kiswahili baada yetu, na wangeuliza kama mtu wa Kiswahili anaaminika.

Nikamjibu kwa Kiswahili hichohicho, na mimi nikitabasamu. "Agnes, mama yako aliilinda simu hii nzima. Mimi siwezi kuikata kipande."

Tabasamu likamtoka. "Basi wewe si mtu wetu," akasema.

Daniel akauliza tunazungumza nini. Nikamwambia kuna meseji ambayo Agnes angependa kumweleza mwenyewe. Agnes akamweleza, kwa Kiingereza, bila kuniangalia. Yule mzee alikuwa hajaogeshwa siku kadhaa, alisema, binti yake alikuwa analia kwenye simu, naye hakuweza kumwambia asubiri. Daniel akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole kwamba meseji inahusu kesi na ni lazima itoke, na hayo ya mzee atayaeleza vilevile. Agnes akachukua mkoba wake akaondoka. Mimi nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye kapu.

Tukakabidhi vyote: Trevor, dada, karatasi ya mikono, kuku. Pande mbili zikakutana kujaribu kupatana kabla ya kufika kwa jaji. Yule wakili mwenye miwani kichwani aliishusha miwani puani, akaisoma tafsiri yangu ya meseji ya dada, akamwuliza Daniel kama wamekabidhi ile kwa hiari. Daniel akasema ndiyo, ni mfanyakazi wetu aliyeisikia na kuitafsiri. Mama yule akairudisha miwani kichwani. Akasema, "Mtu aliyeficha simu asingetukabidhi hii." Na tangu hapo habari ya ushahidi uliosafirishwa makusudi haikutajwa tena. Walipatana. Agnes aliwalipa fidia ya yule mzee mmoja, wengine wakabaki wake, kampuni ikabaki yake, nyumba ikabaki yake.

Mngedhani alinipigia kushukuru. Hakunipigia. Tukikutana kwenye sherehe ananisalimia kwa mbali, kile kisalamu cha vidole, anageukia sahani yake. Wanawe wakaacha kuja. Nilikuwa nimefanya kazi yangu sawasawa na kumkosa kuliniuma vibaya, na hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana. Kerry aliniambia nimpe muda. Kerry aliamini muda unatibu kila kitu isipokuwa faili lililohifadhiwa upya.

Nikastaafu. Simu ilikuwa imekwisha kutolewa kwenye kumbukumbu za kesi, na Daniel alimwuliza Agnes aitume wapi. Akajibu kwa maneno machache, apewe aliyeahidi. Basi nilipokwenda kwetu Tanga kupumzika nilipitia Nakuru, ingawa mwenye kujua ramani anajua Nakuru haiko njia ya kwenda Tanga hata kidogo.

Mama Agnes alinipokea mlangoni. Nikamkabidhi simu kwa mikono miwili. Akaiwasha, akahamishia laini yake humo palepale, akakaa kwenye kiti chake, akaitafuta meseji moja bila kuvaa miwani. Watoto wakaanza kuimba. Wajukuu wale, ambao leo ukiwasalimia wanakujibu kwa Kiingereza, mle ndani walikuwa wadogo wanamwambia bibi yao kwa Kiswahili kwamba wamekula ugali na jino limetoka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akairudia.

Halafu akaniuliza, "Nyinyi kule mlisikiliza zote?"

"Zote, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Hata ile ya Agnes na dada yake, ya yule mzee?"

Nikamwangalia. Alikuwa ameisikia kabla ya sisi wote. Yule fundi wa Nairobi alimfundisha jinsi ya kufuta, alisema, ni kubonyeza na kushikilia tu, hata mtoto anaweza. Na Agnes alimpigia siku ile kabla mtaalamu hajafika, akamwambia, mama, kuna moja ukiiona uitoe.

"Mbona hukuitoa?"

Mama Agnes alikifuta kioo cha simu kwa kanga yake. "Hiyo ni sauti ya mtoto wangu," akasema. "Hata akikosea, ni sauti yake."

Tukiwa tumekaa hivyo simu ikalia mkononi mwake, akaangalia jina, akaipokea, akasikiliza, akasema, "Amefika, yuko hapa." Kisha bila kuniuliza kama nataka akaniwekea sikioni.

Nikasikia televisheni ya Macquarie Fields kwa nyuma, na mtoto anaulizia chaja.

"Dada Zuhura," Agnes akasema. "Wamekupatia kuku?"

Nikamwambia bado wanamkimbiza.